Mahudhurio ya Msiba wa Kumi na Saba

Anjela alikuja kwangu Jumanne asubuhi na bahasha ya kaki, akanikuta nachonga penseli. Nachonga kwa wembe, kama nilivyofanya kwa miaka thelathini na minne ya ualimu, na mtu akinikuta kwenye shughuli hiyo husubiri. Alisubiri. Nilipomaliza penseli ya tatu akasema shikamoo Mwalimu, nikasema marahaba, nikamwonyesha kigoda.

Mimi ni katibu wa Umoja wa Kusaidiana katika Misiba, kitongoji cha Mfereji wa Tatu, upande wa Ubaruku. Kuna watu wanaona hicho ni cheo kidogo. Watu hao wasubiri wafiwe. Ndipo watakapojua maana ya kuwa na mtu anayejua nani analeta kuni, nani anachota maji, nani anachimba kaburi na nani alisema anaumwa kiuno akaonekana sokoni. Yote hayo yamo kwenye daftari langu. Majina ya wanachama yako kushoto, kila msiba una safu yake, na aliyekuja anapata alama ya vema. Asiyekuja anapata H, maana yake hayupo. Ni utaratibu wa shule, na sijaona ulio bora zaidi.

Msiba uliohudhuriwa kuliko yote katika daftari hilo ni wa mke wangu, Lusia, miaka mitatu iliyopita. Walikuja watu mia tatu na kumi na wawili. Lusia alianguka uani akipepeta mchele, akakoroma mara chache kama mtu aliyelala vibaya, nami nikakimbia kwenda kugonga kengele. Kengele yetu ni rimu la gurudumu la lori, inaning'inia nyumbani kwa mwenyekiti. Ina milio miwili tu. Wa haraka ni wa mkutano, na wa taratibu, mmoja mmoja, ni wa msiba. Niligonga wa msiba, kwa sababu wa mkutano watu huwa wanachelewa. Niliporudi nyumbani nikakuta majirani wameshafika na Lusia ameshakwisha. Walikuja haraka sana, na jambo hilo nimelisifu mara nyingi kwenye vikao.

Basi Anjela akakaa. Ni binti wa miaka ishirini na miwili, anapima mpunga kwenye mashine ya kukoboa, anaishi na bibi yake Faustina ambaye macho yamemchoka. Alipokuwa sekondari kule Rujewa alisoma kozi ya huduma ya kwanza, na tangu hapo mfuko wake wa kitenge haukosi bandeji na glavu. Mtu akikatwa na panga, anaitwa Anjela. Akiumwa na nyoka, Anjela. Mimi nilikuwa nikimwona kama binti mwenye kiherehere.

"Mwalimu, kuna ufadhili," alisema. "Wa chuo, wanalipa kila kitu mpaka umalize. Ni kwa wanaotaka kusomea zimamoto ama huduma za dharura, ile ya kwenda na gari la wagonjwa. Mimi nimechagua ya gari la wagonjwa."

Nikasoma fomu yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo watu hawayasomi kisha wanalalamika. Ufadhili ulitolewa na watoto wa mzee mmoja aliyeitwa Sosthenes, mwenye mashine ya mpunga, aliyefia kwenye ghala lake la pumba lilipowaka moto. Walikuwa wameandika, kwa lugha ya kawaida kabisa, kwamba siku ile watu zaidi ya mia mbili walikuwepo na hakuna aliyejua la kufanya. Kwa hiyo kila mwaka wanasomesha vijana wanane kutoka Mbeya na Iringa ili safari nyingine awepo anayejua. Fomu ifike ofisini kwao Iringa mjini Ijumaa kabla ya saa kumi. Baada ya hapo, hawapokei.

Sehemu C ilihitaji uthibitisho wa umoja wa kijamii anakotoka mwombaji, kwamba mwombaji hushiriki shida za jamii yake.

"Hapo ni wewe tu, Mwalimu," alisema Anjela. "Mwenyekiti kasema akiona sahihi yako na yeye anagonga muhuri."

Nikachukua daftari, nikashuka na kidole hadi jina lake, nikaenda nacho kulia.

"Msiba wa nane, H," nilisema. "Msiba wa kumi na mbili, H. Msiba wa kumi na saba, H. Kanuni ya tisa inasema mwanachama atakayekosa misiba mitatu kwa mwaka bila taarifa hatapewa barua ya Umoja kwa jambo lolote."

"Wa nane nilikuwa nampeleka mke wa Kasian hospitali. Alishikwa uchungu, mtoto kakaa vibaya."

"Hukutoa taarifa."

"Wa kumi na mbili kuna mtoto alitumbukia kwenye mfereji."

"Hukutoa taarifa. Kanuni ya tano. Mwanachama mwenye dharura atatoa taarifa kwa katibu siku moja kabla."

Anjela akanitazama. Wanafunzi wangu walikuwa wakinitazama hivyo nikiwaambia kwamba sifuri nayo ni namba.

"Dharura, siku moja kabla?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Haya. Na wa kumi na saba?"

"Wa kumi na saba ni wa mzee Gideoni."

"Mwalimu, mzee Gideoni hajafa. Nimepishana naye asubuhi hii, anapeleka jembe kuchomelea."

"Najua hajafa," nilisema. "Ila msiba ulikuwepo."

Hapa inabidi nieleze, maana msiba huo umesemwa vibaya hadi Rujewa, na wanaousema hawakuwepo.

Mzee Gideoni ni Mhehe, alihamia kwetu zamani kufuata mpunga. Siku ile alikuwa akifungulia maji shambani kwake, kizunguzungu kikamshika, akaangukia mferejini kifudifudi. Waliomtoa walimkuta wa baridi, midomo ya bluu, hapumui. Mkewe akapiga yowe. Mimi nilikuwa karibu. Nikatazama, nikaona mambo yamekwisha, nikaenda kugonga kengele, taratibu, mmoja mmoja. Kengele ile ikishalia, shughuli inakwenda yenyewe. Wanawake wanatoka na kuni, vijana wanatoka na turubai, nami natoka na daftari.

Niliporudi nikakuta Anjela kapiga magoti kwenye tope, anambonyeza marehemu kifuani na kumpulizia mdomoni. Watu walisikitika, tukajua uchungu umempanda kichwani. Kisha akamwita Kasian, yule mwenye pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mpunga, wakampakia mzee kwenye bodi, yeye akapanda juu, wakaondoka kwenda Rujewa huku akiendelea kubonyeza. Hakuna aliyewazuia. Mwili ulikuwa lazima upelekwe mochwari, kwa kuwa mwana mkubwa wa marehemu yuko machimboni Chunya na tungemsubiri siku mbili. Niliwashukuru kwa moyo wa kujitolea, nikafungua safu ya kumi na saba.

Tulifanya msiba mzuri. Watu mia na themanini na sita walifika siku hiyohiyo. Mwimbishaji wa kanisani alikuja na kwaya yake, na tulichinja ng'ombe wa marehemu, fahali wa jembe aliyeitwa Kaimu. Kaburi lilichimbwa hadi kiunoni. Anjela alikuwa akinipigia simu tangu alasiri, lakini kanuni ya saba inakataza simu msibani, na katibu asipoifuata yeye ataifuata nani? Simu ya mkewe Gideoni ilikuwa imebaki shambani.

Asubuhi yake Kasian akarudi na pikipiki yake, akaizima mbele ya turubai, akauliza kama kuna chai.

"Mmemwacha mochwari gani?" nilimuuliza.

"Nani?"

"Marehemu."

"Yupo wodini," alisema Kasian. "Anakunywa uji. Anasema hauna sukari."

Mkewe Gideoni alizimia, na Anjela hakuwepo kumhudumia. Tukamwagia maji. Nyama ya Kaimu ilikuwa imeshaiva, hivyo tukala. Nilifunga safu ya kumi na saba jioni yake, kama kawaida, kwa sababu wale watu mia na themanini na sita walikuja kweli, walibeba kuni kweli, na waliochimba walichimba kweli. Anjela nilimwandikia H. Kasian naye hakuwepo, ila alikuwa amewakilishwa na mkewe, na uwakilishi unaruhusiwa.

Baada ya wiki moja mzee Gideoni alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, akauliza Kaimu yuko wapi. Tangu siku hiyo hajanisalimia vizuri.

Hayo ndiyo niliyomkumbusha Anjela Jumanne ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akairudisha fomu kwenye bahasha polepole, kona baada ya kona.

"Mwalimu, mimi mwaka jana niliomba sehemu mbili nikakosa," alisema. "Bibi hana uwezo wa kunisomesha. Hii ikipita narudi kupima mpunga, na nitapima mpunga mpaka nizeeke. Nataka ujue tu."

"Nimejua," nilisema. "Kanuni haijui."

Nilisema hivyo, na wala sikuona haya. Naandika kama ilivyokuwa.

Mwenyekiti wetu anaitwa Rabson, Mnyakyusa mpole anayependa mambo yaishe. Anjela alimfuata jioni hiyo, na Rabson akaona njia nyepesi ni kuitisha kikao cha Umoja Alhamisi saa tisa, kwenye darasa la tatu la shule ya msingi. Darasa hilo nimelifundisha miaka kumi na mmoja. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, nami nikasimama ubaoni na daftari langu. Anjela alikaa dawati la nyuma na bahasha yake. Basi la mwisho la kwenda Iringa ambalo lingemfikisha kwa wakati lilikuwa linapita barabara kuu kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, na kila mtu mle ndani alilijua hilo, kwa sababu bibi Faustina alikuwa amewaambia mmoja mmoja.

Rabson alieleza shauri kwa kifupi. Kasian akanyoosha mkono, akasema dawa ni kufuta msiba wa kumi na saba wote, maana mwenye msiba yupo hapa, amekaa karibu na dirisha.

Liberatus akasimama. Liberatus ni fundi wa paa, na paa likimwita huwa hasikii kengele.

"Mimi napinga," alisema. "Mwaka huu wote nimehudhuria misiba mitano tu, na mmoja ni huo. Mkiufuta mimi nabaki wapi? Nilichimba kaburi mimi. Mpaka hapa." Akaonyesha kiuno chake.

"Ndaga, asante, Liberatus, umeeleweka," alisema Rabson.

Wengine wakamuunga mkono. Mama mmoja alisema alitembea na ndoo ya maji kichwani kutoka mfereji wa pili na hataki ndoo hiyo ifutwe. Mwingine akauliza, kama msiba unafutwa, je, na nyama tuliyokula itahesabika ni ya nini? Nilipiga ubao kwa chaki, nikasema daftari halifutwi, halijafutwa tangu lianzishwe, na kwamba mwanachama akionewa huruma leo, kesho tutazika watu watano watano huku wengine wako kwenye mpira.

Hapo ndipo mzee Gideoni aliposimama. Alisimama kwa shida, dawati lilikuwa limemshika.

"Kamwene," alisema, akisalimu kikao kwa Kihehe kama anavyofanya akikasirika. "Mimi nina swali kwa katibu. Kwenye kanuni zako, kuhudhuria msiba ni nini?"

Swali nililipenda. Ni nadra mtu kuniuliza kanuni kwa nia njema. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma kwa sauti.

"Kanuni ya kwanza. Kuhudhuria msiba ni mwanachama kukaa pamoja na mwili wa marehemu, kwa moyo wa upendo, tangu kengele ilipolia hadi katibu atakapofunga safu."

"Rudia hapo mwanzo."

"Kukaa pamoja na mwili wa marehemu."

"Sawa," alisema Gideoni. "Sasa marehemu si ndiyo mimi? Mwili wangu ulikuwa wapi?"

Nikashusha macho kwenye ukurasa.

"Nyinyi mlikaa na mke wangu, mimi nashukuru," aliendelea. "Mlikaa na Kaimu pia, mkammaliza. Lakini mwili hamkuwa nao. Mwili ulikuwa kwenye pikipiki ya Kasian, halafu ukawa wodini. Na aliyekaa na mwili ni huyu binti hapa nyuma. Toka kengele inalia. Nilipofumbua macho nilimwona yeye, kakaa chini, kalalia miguu yangu, nguo zote matope. Mimi kama marehemu nasema, kwenye msiba wangu alikuja mtu mmoja tu."

Akakaa. Ilimchukua muda, kwa sababu ya lile dawati.

Nilimtafutia kosa Gideoni. Nilisoma kanuni ya kwanza tena kimya kimya, kisha ya pili, kisha nikarudi kwenye ya kwanza. Nimefundisha hesabu, na jibu likishatoka najua limetoka, hata kama mwanafunzi aliyelitoa simpendi. Kanuni niliiandika mwenyewe. Niliiandika mwezi mmoja baada ya kumzika Lusia, nikiwa nimekaa peke yangu pale uani, na nilianza na maneno hayo ya kukaa pamoja na mwili. Sikumbuki kwa nini niliyaweka mwanzo.

"Kwa mujibu wa kanuni," nilisema, "Anjela alihudhuria. Wengine wote mia na themanini na sita hawakuhudhuria."

Darasa likavurugika. Liberatus alisimama juu ya dawati, jambo ambalo halijawahi kufanywa mbele yangu na mtu wa umri wowote. Rabson akaomba utulivu, akapendekeza kwamba Anjela apewe vema na wenzake waachiwe vema zao, ili tusikimbizane. Nilipinga. Ikapigwa kura, nikashindwa kwa kura zote isipokuwa moja. Kisha, mbele ya wote, nikachukua kalamu ya wino, nikakata ile H, nikaweka vema pembeni yake, nikasaini pale nilipokata ili mtu asije akasema baadaye kwamba ni mkono wa mwingine. Zikabaki H mbili, na mbili si tatu.

Sehemu C haikutaka sahihi peke yake. Ilikuwa na mistari minne, na juu yake imeandikwa: eleza kwa maneno yako. Niliijaza palepale, juu ya meza ya mwalimu, Anjela akiwa amesimama pembeni. Niliandika hivi: "Mwombaji alikosa misiba miwili mwaka huu kwa kuwa alikuwa na watu ambao hawajafa. Alihudhuria msiba wa tatu peke yake, na kwa sababu yake msiba huo haukuwa na mazishi. Hatoi taarifa mapema. Ni mkweli."

Anjela akasoma.

"Mwalimu, hii haitaniharibia kweli? Hapo pa taarifa."

"Ndiyo hali halisi," nilisema. "Mpe mwenyekiti agonge muhuri."

Aliondoka na basi la saa kumi na mbili. Jumatatu iliyofuata walimpigia simu arudi Iringa kwa usaili, na aliporudi alinieleza kwamba watu watatu waliokaa mezani walitumia nusu ya muda kuuliza habari ya Sehemu C. Mmoja, mama wa makamo ambaye ni binti wa yule Sosthenes, alitoka nje kidogo kisha akarudi. Anjela hakujua kama alitoka kucheka au kulia. Nilimwambia sikuandika kitu cha kuchekesha.

Alichaguliwa. Alikuwa wa pili kwenye orodha ya watu wanane. Bibi Faustina aliomba ile barua asomewe mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mimi.

Ila ufadhili ule ulikuwa na sharti la mwisho. Kabla ya kwenda chuoni, kila kijana awafundishe watu wasiopungua ishirini wa kwao namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka, na orodha ya mahudhurio iambatanishwe, imesainiwa na katibu. Nilipolisoma nikajua hapo wamefika kwa mwenyewe. Nilipiga mistari ya karatasi usiku, na Jumamosi saa nane mchana tukakusanyika nyumbani kwa mwenyekiti, karibu na kengele. Walikuja watu thelathini na mmoja. Mzee Gideoni alikuja, akakaa mbele, akisema anataka kuona alifanywa nini. Jina langu nililiandika la kwanza, kwa kuwa katibu huanza na yeye mwenyewe.

Anjela alikuwa ameleta gunia lililoshindiliwa pumba, ndiye mgonjwa wetu. Alieleza vizuri. Mtu akianguka, mwite kwa sauti, mtikise bega. Asipoitika na hapumui, weka viganja viwili katikati ya kifua, nyoosha mikono, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka mara thelathini, kisha mpulizie mdomoni mara mbili, kisha thelathini tena. Usiogope kumuumiza. Akauliza kama kuna swali.

Nikanyoosha mkono. Sikuwa nimepanga.

"Na kama ameanguka," nilisema, "haitikii, lakini anakoroma? Anakoroma kidogo, anakaa kimya, halafu anakoroma tena?"

Anjela hakuwa na habari. Mwaka aliokufa Lusia yeye alikuwa bwenini, kidato cha sita. Alinijibu kama anavyojibiwa mwanafunzi aliyeuliza swali zuri.

"Kule si kupumua, Mwalimu. Watu wengi wanadanganyika hapo hapo. Mtu akikoroma hivyo ujue moyo umesimama, ndiyo wakati wa kuanza kubonyeza. Mtu mwingine akaite watu. Ukiwa peke yako piga yowe hapo hapo ulipo, lakini wewe uliyepo huondoki."

"Huondoki," nilisema.

"Huondoki."

Nikaandika hilo pembeni ya orodha, ingawa halikuwa na safu.

Kutoka uani kwangu hadi kwenye ile kengele ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu mara nyingi kwa sababu zangu, na siku ile ya Lusia nilizikimbia zote kwenda, nikagonga, nikazikimbia zote kurudi. Nyumba ya jirani iko hatua kumi na tano. Ningepiga yowe wangesikia. Nilimwacha Lusia amelala na ungo wake, anakoroma, nikaenda kutangaza msiba wake kabla hajafa. Watu mia tatu na kumi na wawili walikuja. Nilikuwa najivunia.

"Tuanze na wa kwanza kwenye orodha," alisema Anjela.

Nikavua kofia, nikapiga magoti. Mchanga ulikuwa wa moto. Nikaweka viganja katikati ya gunia, nikanyoosha mikono kama alivyosema, nikabonyeza. Lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Nilihesabu kwa sauti ya darasani, moja, mbili, tatu, na wengine wakahesabu pamoja nami hadi thelathini. Nikainama nikalipulizia gunia mara mbili, pumba zikaniingia machoni, na kuanzia hapo sikuweza kuona vizuri. Nikaanza tena. Safari hii wengine walinyamaza. Nilifika thelathini, nikapulizia, nikaanza tena. Nililia, na nililia kwa sauti, mbele ya watu thelathini ambao wengine niliwachapa viboko wakiwa wadogo.

Anjela alikuja akapiga magoti upande wa pili wa gunia. Aliniwekea mkono begani, akanisemesha polepole. Hadi siku ile hakuwahi kuniita kitu kingine zaidi ya Mwalimu.

"Babu, inatosha. Umeshafaulu. Kuna wenzako wanasubiri."

Nilimsikia. Nikaanza tena na moja.